Nilienda Ufaransa kuangalia paa iliyonivunja mguu Homa Bay

Nilikuwa nimelala chali, mguu wa kushoto umefinywa na slab ya zege, juu yangu naona mawingu. Dakika moja tu kabla ya hapo, juu yangu kulikuwa na paa ya kanisa.

Na fundi alikuwa mimi.

Wakuu, salamu. Shule niliachia darasa la sita, mtanisamehea maandishi. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, na mvua ikikaribia huu mguu bado unanikumbusha.

Ilikuwa miaka ya tisini, kijijini upande wa Homa Bay, tukijenga kanisa ndogo ya Katoliki. Chairman wa kamati alikuwa mzee wetu, Jaduong' Okumu. Father wa zamani alikuwa amempeleka Ufaransa, akarudi na postcard ya kanisa moja iko juu ya kilima, mahali panaitwa Ronchamp. Ukuta nyeupe, na paa ya zege imevimba kama tumbo ya ng'ombe ametoka kunywa maji.

Akasema anataka hiyo hiyo.

Nilimwambia tukijaza hiyo kitu zege itakuwa nzito sana. Akanijibu mbele ya kamati yote: "Mimi nimeingia ndani, omera. Wewe umeingia? Ni zege tupu. Jaza."

Nikajaza. Siku tulitoa props za kuishikilia, ikashuka. Wengine walikuwa nje wanakunywa uji, Mungu ni mkubwa.

Secretary wa kamati, Tobias, akaandika kwa minutes ati fundi aliiba simiti. Kazi ikaisha hapo. Nikahamia Awendo kukata miwa, mguu umepinda, na hata huko jina likanifuata. Mama mmoja wa kuuza omena aliniambia, "Fundi, usiegemee meza yangu." Soko yote ikacheka.

Sasa sikieni utamu.

Father mpya wa kule kijijini alikuwa Mfaransa, na kwao si mbali na hiyo kilima. Stori ya wizi ilikataa kumwingia, akanitafuta. Akienda kwao kusherehekea miaka yake ya upadre, akabeba watu wa kwaya, na mimi nikachomekwa ndani. Kuimba sijui. Kwa ndege nilimaliza kila kitu waliniwekea, hata siagi nililamba.

Tulipanda kilima polepole sababu ya mguu. Kufika mlangoni nikakataa kuingia. Kwaya iko ndani inaimba, mimi niko nje naangalia hiyo tumbo. Father akanishika mkono tukaingia pamoja.

Wakuu, ni maridadi. Ukuta wa upande mmoja ni mnene ajabu, madirisha makubwa na madogo yametobolewa ovyo ovyo, moja nikaingiza mkono mpaka kwapa. Plaster wameiacha na mabonde. Mimi ningefukuzwa site siku hiyo hiyo. Nilicheka peke yangu.

Halafu nikaona mwanga. Kati ya ukuta na paa kuna nafasi nyembamba, jua linapita.

Nikamwambia Father, "Hii paa haijakalia ukuta. Na haiwezi kuwa imejazwa."

Mama mzee mwenye kutunza pale akatoa mchoro. Paa imekatwa katikati uone ndani: ngozi mbili nyembamba za zege, mbavu katikati, kwingine kote ni hewa. Mimi nimezaliwa kisiwani Takawiri, nimekulia kati ya mafundi wa boti. Hapo sikungoja Father atafsiri.

Nilikaa kwa benchi chini ya hiyo paa, mguu nimenyoosha, mpaka wakanitafuta. Sijawahi kufurahi hivyo.

Nikaomba Father aulize kama wageni wote wanaonyeshwa huo mchoro. Mama akasema wote, hajawahi kuruka hata kikundi kimoja.

Tuliporudi, Father akahamishwa, na kamati nilipoieleza ikasema hayo yamepita.

Nilichojifunza: mtu akikuletea picha ati jenga hivi, muulize amejuaje ndani iko nini. Wenye mmeona majengo kama hayo huko nje, leteni stori zenu, nasoma zote.

Lakini wawili waanze. Tobias, hiyo simiti ati niliiba, uliiona wapi? Na Jaduong' Okumu, najua uko humu, jana ulikuwa unabishana kwa uzi wa ng'ombe wa maziwa. Huo mchoro hata wewe ulionyeshwa. Mbona ulinyamaza nikiitwa mwizi?

Jibu hapa hapa, watu wote wasome.