Fundi Aliyepanda Ngazi kwa Hasira

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kipo ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake hukwama zaidi kuliko inavyopanda. Tangu apatwe na kisukari alikuwa radhi kuisubiri hata asubuhi nzima. Akishafika juu, anakaa kutwa.

Aliyemtoa kitini ni wifi yangu. Siku tulipomzika mume wangu, wifi alisema mbele ya waombolezaji kwamba sisi ni ukoo wa wavivu, tunakaa na kunenepa, na kaka yake nimemlisha mafuta mpaka moyo ukasimama. Niliendelea kupokea mikono ya pole. Sikutaka jina la marehemu ligombaniwe juu ya kaburi bichi. Mdogo wangu hakusahau. Wifi naye ana kisukari, tena wanatibiwa kliniki moja, ila yeye ni mwembamba kama sindano na hilo ndilo analoringia.

“Dada, huyu nitamfunga mdomo,” mdogo wangu aliniambia.

Daktari alimpima moyo kwanza, kisha akamruhusu: apande ngazi kwa nguvu mpaka ashindwe kuongea, ashuke taratibu, apumzike, arudie. Apime sukari kabla, na pipi isikosekane mfukoni, sukari isije ikashuka ghafla. Akaanza na ghorofa moja. Nilimsikia akihema kama mvukuto, na kila ngazi aliikanyaga kama anamkanyaga mtu. Huyo mtu tulimjua.

Kosa lake lilikuwa la kifundi: alijipima kwa futi. Miezi ikapita, kiuno kile kile. Wifi alipoleta gauni lipunguzwe, alimkuta amejizungushia futi kiunoni, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

“Bibie, ngazi zitaisha, kiuno utabaki nacho.”

Jioni ile mdogo wangu alitaka kuacha. Nikamwambia futi inapima nguo, haipimi damu. Asubiri majibu ya kliniki.

Siku ya majibu walikutana kwenye benchi. Mdogo wangu aliingia kwa daktari, akatoka akitangaza kama mwenye harusi: mafuta mabaya ya damu yameshuka, mazuri yamepanda, sukari imetulia. Kisha akaingia wifi. Alikaa sana humo ndani. Alipotoka alikuwa amekunja karatasi yake ikawa ndogo kama kifungo. Mafuta yake yalikuwa juu, wembamba wote ule.

Wiki iliyofuata alikuja kwangu, kwa upole nisiouzoea, akaniomba nimsemee kwa mdogo wangu ili wapande ngazi pamoja. Nilimwambia akapimwe moyo kwanza, maana sisi hatuui mtu. Halafu ayafute yale maneno ya makaburini, mbele ya ndugu wale wale.

Jumapili sebule yangu ilijaa. Wifi alisimama, akasema alikosea, kaka yake hakuuawa na jiko langu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikamwomba arudie, kwa ajili ya waliokaa nyuma.