Karata Niliyoitia Chetezoni

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu karata ya tarot, zile za kupigia ramli: mifupa ya mtu imepanda farasi mweupe. Hapo hapo nikasikia harufu ya udi.

Nilipokuwa mtoto, mchana mmoja nyumbani kwa Bibi huko Hail, shangazi yangu aliyerudi masomoni Ulaya alizipanga karata zake mkekani. Bibi akacheka, akachagua moja. Ilikuwa hiyo ya mifupa. Mimi nikadhani amechagua kufa.

Walipoinuka kwenda kusali alasiri, niliiba karata ile nikaitia kwenye chetezo, chini ya kanga za Bibi zilizokuwa zikifukizwa udi.

"Mbona nnasikia harufu ya karatasi?" Bibi aliuliza aliporudi.

"Sijui, Bibi."

Alizivaa kanga zile hadi magharibi, na kila aliponipita nilisikia harufu ya kifo kilichoungua, nikatulia.

Bibi aliishi miaka mingi. "Mama, hii si karata ya kufa, ni ya mabadiliko," binti yangu alinieleza hiyo juzi, akinionyesha jua dogo linalochomoza nyuma ya farasi. Utotoni sikuliona.

Sikumwambia kwamba Bibi aliposhikwa na maradhi ya mwisho, mimi, mtu mzima, nilipekua nyumba nzima nikitafuta karata ya kuchoma.