Tulikuwa Bado Tunasalimiana

Kwetu mgonjwa hajibu salamu kwa ugonjwa wake. Utamkuta mtu ana homa mpaka meno yanagongana, umuulize hujambo, atakwambia sijambo. Utauliza habari za nyumbani, atasema nzuri. Mtapita kwa watoto, kwa mifugo na kwa mvua, na kote huko kutakuwa kuzuri. Kisha atanyamaza kidogo, atashusha pumzi, na kusema: ila. Ugonjwa, njaa na msiba, vyote hukaa nyuma ya neno hilo, na mwenye adabu hulingojea. Nimezeekea mjini, kati ya watu wasiongojea kitu, na mpaka leo nakasirika mtu akiniuliza habari yangu huku ameshanipa mgongo.

Mama yangu alianza kuumwa mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, upande wa kuelekea Mkiwa. Tuliacha nyumba yetu ya tembe na shamba letu la uwele, tukapewa kiwanja kwenye mstari, jirani kulia na jirani kushoto. Mama alikuwa akishika ubavu wa kulia kila akiinama kupuliza moto. Akitwanga, ghafla alisimama ameegemea mchi, macho ameyafumba, halafu akaendelea kama vile hakuna kitu. Baba alimchimbia mizizi anayoijua yeye. Mama aliinywa, akasema imesaidia. Mimi nilijua haikusaidia, kwa sababu ndoo ya maji ilihama kichwani kwake ikaja kichwani kwangu.

Baba aliamua mama aende zahanati ya kijiji, na mimi nimsindikize. Nilikuwa darasa la sita. Mama alizungumza Kinyaturu. Kiswahili alikipata kwenye mikutano, kwa vipande. Kiswahili cha salamu alikijua vizuri. Cha maumivu hakukijua, na ndiyo maana nilipelekwa. Njiani nilikariri maneno kama shairi la darasani: anaumwa ubavu wa kulia, chini ya mbavu, tangu mavuno. Anaumwa ubavu wa kulia, chini ya mbavu, tangu mavuno.

Mganga alikuwa kijana mgeni, katoka mbali, na foleni ilifika nje ya mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alitusalimia huku akiandika.

"Hujambo mama?"

"Sijambo."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Na mwili, unaendeleaje?"

"Salama, namshukuru Mungu," alisema mama. Akanyamaza kidogo, akashusha pumzi.

Mganga akafunga vidonge sita vya aspirini kwenye kipande cha gazeti. "Ni uchovu wa jembe huo, mama. Pumzika. Mwingine!"

Maneno yangu yalikuwa mdomoni, yamekamilika, na sikuyasema. Nimejitetea miaka mingi kwamba mtoto haingilii mazungumzo ya wakubwa. Ni kweli haingilii. Lakini kweli nyingine ni kwamba kwenye foleni kulikuwa na wasichana wawili wa darasani kwetu, na walikuwa wamecheka mama alipotamka Kiswahili chake kwa lafudhi ya Kinyaturu. Niliona haya. Nilitaka tutoke mle ndani haraka.

Tulipofika barabarani nilimgeuzia yeye hasira yangu. "Kwa nini hukumwambia unaumwa?"

Mama alinitazama kwa mshangao, kama nimeuliza swali la kijinga. "Ningemwambiaje?" alisema. "Tulikuwa bado tunasalimiana."

Aspirini zile alizimeza, siku chache akapata nafuu, na baba akaamini kweli ulikuwa uchovu. Sikumwambia kilichotokea. Miezi ikapita hivyo.

Aliyetutoa gizani ni jirani yetu wa kushoto. Alikuwa Mnyiramba, mwanamke mrefu, mjane, sauti yake ikisikika mpaka kwenye shamba la kijiji. Wanyiramba na sisi Wanyaturu ni watani, na mtani hapigi hodi. Alikuwa akiingia uani kwetu kila alasiri na kusema, "Bado hujafa tu, wewe?"

"Nife nani akufundishe kusonga ugali?" mama alikuwa akimjibu. "Huo wako mabuje matupu, unga mbichi. Mbwa wetu aliula, tangu siku hiyo habweki."

Hapo tena ilikuwa vicheko mpaka mboga inaungua. Mama yangu, mtu wa maneno machache, aliyekula amempa baba kisogo kwa heshima, mbele ya yule mwanamke aligeuka mtu mwingine. Nilikuwa nawaonea wivu.

Alasiri moja jirani aliingia akatoa tusi lake, na mama hakujibu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mlenda, na aliinua tu uso akatabasamu. "Karibu," alisema. "Habari za kwako?"

Jirani alisimama palepale. Hakuitikia salamu ile. Aligeuka akaenda moja kwa moja kwa baba, aliyekuwa anarekebisha mpini wa jembe, akamwambia, "Shemeji, mke wako anakufa. Amenisalimia."

Baba hakuuliza mara mbili. Kesho yake tulipanda lori la ushirika lililobeba magunia ya alizeti, baba, mama, jirani na mimi, tukaenda hospitali ya mjini. Daktari alikuwa mzee, mpole wa sauti. Sote tulimpa shikamoo. Alimuuliza mama hali yake, na mama, aliyeshindwa kushuka kwenye lori bila kubebwa, akasema, "Sijambo, baba."

"Daktari, usimsikilize huyu!" jirani alidakia. "Huyu hata akiwa kaburini, ukimsalimia atakujibu sijambo!"

Daktari alicheka. Baba akacheka, naye si mtu wa kucheka. Mama akaangua kicheko, na katikati ya kicheko mkono wake ukaruka ukashika ubavu, chini ya mbavu, uso ukakunjamana. Daktari akaacha kucheka.

"Usiutoe huo mkono, mama," alisema. "Uache hapohapo."

Walimpasua, wakaangalia, wakamshona. Ulikuwa uvimbe, na ulikuwa umeshika ini. Daktari alimwita baba nje akamweleza kwamba wamrudishe tu nyumbani, wampe vidonge vya maumivu, wasimnyime anachotaka. Hakusema tungekuja mapema angepona. Hakusema pia kwamba asingepona. Nilikuwa nimesimama nyuma ya baba nasikiliza, na daktari alipouliza tu, "Zahanati waliwaambia nini?" baba alinigeukia mimi. Niliangalia miguu yangu. Baba akajibu kwa niaba yangu, "Walisema uchovu."

Muuguzi wa wodi aliyolazwa alimfundisha mama jambo moja. Alimwambia, ukitaka kukohoa au kucheka, kunja kanga iwe nene, ibane ubavuni kwa mikono miwili, maumivu yatapungua. Mama aliuchukua ushauri huo kwa dhati kuliko dawa zote. Alipewa vidonge vya kumeza mara tatu kwa siku, naye akajipangia kimoja akimeze saa tisa alasiri, ili saa kumi awe na nguvu za kutukanwa. Jirani akifika, mama alikuwa akiinua kiganja kumzuia. "Ngoja nishike kwanza." Anakunja kanga, anaibana, anajiweka sawa. "Haya. Nitukane."

Watu husema kicheko ni dawa. Mimi husema taratibu, maana niliona kilichotokea: hakikumponya mama yangu, na siku nyingine kilimuumiza mpaka machozi. Lakini asubuhi alikuwa mgonjwa, jioni mgonjwa, na saa kumi alikuwa mama yangu. Nilikuwa nikimwona akiangalia kivuli cha nyumba uani, kimefika wapi. Nilimpenda yule jirani, na nilimchukia pia, kwa sababu alijua namna ya kumfikia mama kwa mdomo, na mimi mdomo wangu ulinishinda siku ulipohitajika.

Siku moja nilijaribu kumwambia. Nilikuwa namkanda miguu. Nikasema, "Mama, siku ile zahanati, mimi ningesema." Akaniwekea mkono kichwani, akaniambia nikatazame kama kuku wameingia. Walikuwa hawajaingia. Nilipomaliza kuwaingiza nikarudi, alikuwa amesinzia, na sikupata tena ujasiri wa kuanza upya.

Alifariki kabla mvua hazijaanza. Tulimzika nyuma ya nyumba, upande wa shamba, kijiji kizima kikiwepo. Kwetu mtani ana kazi yake msibani: kuwachekesha wafiwa wasije wakazama. Watu walikuwa wamemngojea jirani yetu tangu asubuhi, naye tangu asubuhi alikuwa amekaa kimya kwenye kona ya jikoni, kanga ile ya mama imekunjwa nene mapajani mwake. Wengine walianza kunong'ona kwamba amesahau wajibu.

Katekista alipomaliza sala, udongo umeshasawazishwa, jirani aliinuka. Alikuja mpaka ukingoni mwa kaburi, akaibana ile kanga ubavuni mwake kwa mikono miwili, vilevile kama mama.

"Mimi nilimwambia daktari," alisema kwa sauti yake ile kubwa, "kwamba huyu hata akiwa kaburini, ukimsalimia atajibu. Haya na tuone." Akainama. "Hujambo, mtani?"

Watu walicheka, wengine huku wanalia. Kisha kicheko kikaisha, na yeye bado ameinama, anangojea. Alingojea muda mrefu mno. Nikaelewa kwamba utani umemshinda, na kwamba hajui atainukaje pale mbele ya watu wote bila jibu.

Mtoto wa mtani naye ni mtani. Nilisogea.

"Hajambo," nilisema.

Aligeuka akanitazama. Kila mtu alinitazama. Nilinyamaza kidogo, nikashusha pumzi.

"Ila anaumwa ubavu wa kulia," nikasema, "chini ya mbavu, tangu mavuno."

Hakuna aliyecheka. Jirani alinishika, akaniwekea ile kanga ubavuni, akaibana kwa nguvu, na hapo ndipo nilipoweza kulia.