Mtu aliyevua viatu kulala

Juzi nilikuwa nangoja zamu yangu kwenye bureau ya jaji hapa Butembo. Mbele yangu, mama mmoja wa upande wa Beni alikuwa amemleta mtoto wake, mwanaume mwenye watoto wawili. Daktari wa akili alipaswa kumwambia jaji kama huyo baba anafaa kubaki nao.

"Docteur, huyu kichwa haiko sawa," mama alisema. "Usiku anatoa viatu! Anatoa mupaka batoto viatu, anabafunika blanketi, sawa vile vita haiko. Sisi bote tunalala na viatu, tayari kukimbia, mizigo iko ku mulango."

Daktari akamgeukia mwanaume. "Juu ya nini unatoa viatu?"

"Nilichoka kulala sawa mutu wa kukimbia. Nilitaka batoto bajue kama ile ni nyumba yabo."

"Na masasi ya bunduki ikianza kulia?"

Mwanaume alifungua viganja vyake, akavitazama.

Daktari alimnong'oneza jaji, na jaji akaamua watoto wakae kwa huyo mama, nyanya yao. Mama hakushangilia. Aliinama akamfunga mwanawe kamba za viatu, pole pole, kama anampeleka shule.

Sisemi walikosea. Masasi haingoji mtu avae soksi. Lakini mimi nina binti aliyezaliwa ndani ya vita hii, na hajawahi kuniuliza kwa nini tunalala na viatu. Anadhani ndivyo watu wanavyolala.