Thelathini Hiyo ni ya Nani?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, baridi inauma masikio. Eusebia Condarco amelala chali kwenye kitanda cha zahanati ya mgodi wa zinki, mwendo wa saa mbili kutoka mji wa Oruro. Chini ya shali yake, mkanda uliolowanishwa maji umemkaza kifuani.

"Usiongee, mama," anasema muuguzi Ninfa Justiniano. "Dakika tano tu."

"Anayeongea ni nani? Si wewe?" anajibu, macho kayafumba.

Eusebia ana miaka 51, na ni dereva wa lori la tani arobaini. Kila asubuhi, kabla ya kupewa funguo, madereva wote hapa hupimwa tofauti ya muda kati ya pigo moja la moyo na linalofuata. Mwaka jana kipimo hicho nusura kimng'oe kwenye usukani.

"Walitaka nikamenye viazi jikoni," anasema, na hasira bado imo. "Mimi! Nimeteremsha mawe mlima huu miaka kumi na tisa, sijagonga hata lama anayekatiza barabara!"

Dereva hulipwa boliviano 5,400 kwa mwezi. Mmenya viazi hupata 2,900.

Mashine ililetwa baada ya dereva mmoja kusinzia na lori kutumbukia korongoni. Ninfa, mzaliwa wa tambarare, mbali na milima hii, ndiye aliyepewa kazi ya kuitumia.

"Watu hudhani moyo mzima hupiga kama saa ya ukutani. Wapi!" anasema. "Ukivuta pumzi, mapigo husogeleana. Ukiitoa, huachana. Moyo uliopumzika hucheza hivyo. Ukichoka, ukiugua au ukilewa, mapigo hupangika sawasawa mno. Mkanda unahesabu nafasi hizo kwa sehemu za elfu za sekunde, kisha mashine inatoa namba moja. Moyo ukicheza zaidi, namba hupanda."

Kampuni iliweka kiwango kimoja kwa wote: thelathini. Chini ya hapo, taa nyekundu, hakuna funguo. Eusebia alipata kumi na saba siku tatu mfululizo.

"Mama, mashine haina ugomvi na mtu," msimamizi wa zamu, Wálter Ichuta, alimwambia. "Umechoka. Kubali tu."

"Mashine ndiyo iliyonizaa? Basi isinifundishe uchovu wangu!"

Jikoni hakwenda ng'o. Kila asubuhi alijikalisha kwenye ngazi ya zahanati, akidai apimwe upya. Siku ya sita, Ninfa akamtazama vizuri.

"Mama, maagizo yanasema uje hujala kitu. Umekula?"

"Sijala."

"Na hicho shavuni?"

"Koka."

"Si ndiyo kula huko?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mlimani hapa majani ya koka hayaliwi, huwekwa shavuni. Kumwambia mchimbaji amekula koka ni sawa na kumwambia mvutaji amekula sigara! Basi watu wote walikuwa wakija "hawajala", mashavu yametuna, wametoka kupanda ngazi tisini na mbili, halafu wanalazwa papo hapo na kupimwa. Koka huuamsha mwili, nao moyo hukaza mwendo. Hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyesema.

Akapimwa bila koka, baada ya kupumzika dakika kumi. Ishirini na nne.

"Bado nyekundu," akasema Ichuta.

Hapo ndipo Eusebia alipopandwa na mori. "Hiyo thelathini ni ya nani? Nani kapimwa mkaipata?"

Ninfa akafungua kitabu cha mashine, na mle mliandikwa wazi kwamba namba hushuka kwa umri, na kila mtu ana yake. Ilinganishwe na yake mwenyewe, saa ileile, mlalo uleule, kwa wiki kadhaa.

Eusebia akadai apimwe asubuhi arobaini. Koka ikawa mpaka baada ya kipimo. "Kuzaa kulikuwa rahisi zaidi," anasema.

Katika asubuhi hizo, namba yake haikutoka kati ya ishirini na mbili na ishirini na saba. Limbert, dereva wa miaka 24, yake ilikuwa sabini. Baada ya siku tatu za sherehe za kanivali alikuja ananuka chicha, pombe ya mahindi, akapata thelathini na nne. Taa ikawaka kijani!

Eusebia akampelekea Ichuta karatasi mbili za vipimo, yake na ya Limbert. "Huyu umempa funguo. Mimi umenipa kisu cha viazi."

"Mama, unanichongea!" Limbert alilalama.

"Nakuokoa, mwanangu. Nenda kalale."

Tangu wiki ile, kila dereva hupimwa kwa namba yake mwenyewe.

Leo asubuhi mashine inalia. Ninfa anasoma, anasoma tena. Kumi na tatu.

Ichuta yuko mlangoni, funguo mkononi, na malori matatu yanangoja. "Aa, mama, ndiyo nini hiyo? Wewe mkongwe, barabara unaijua hata usingizini. Chukua."

Eusebia anaketi, anafungua mkanda. Anakiri kwamba koo linamwasha tangu jana, na usiku alitetemeka. Anazichukua funguo kutoka mkononi mwa Ichuta na kuzitundika msumarini.

"Mashine haina ugomvi na mtu. Si ulisema wewe?" anamwambia. "Leo siendeshi. Na jikoni siendi. Nakwenda kulala."

Amebakiza miaka minne astaafu, na anasema ataimaliza yote kwenye usukani. "Nikipona nitalala hapahapa, nipate ishirini na nne yangu. Ya kwangu, si ya mtu."

Anachomoa kifuko chake cha koka, anajaza shavu, kisha anamgeukia muuguzi.

"Na uandike, mwanangu: sijala."