Nilirusha mchezo wetu wa dadu live, Katesh nzima ikaona mzee akimwamkia binti

Wakuu, amani kwenu popote mlipo.

Ninachoandika hapa sijakitia chumvi. Nimekiandika mara mbili nikafuta, maana ukweli wenyewe unaniumbua mimi. Leo nimeamua liwalo na liwe.

Nina steshenari hapa Katesh. Kutoa kopi, kulaminate vyeti, mambo hayo. Kila Jumapili baada ya ibada, meza ya nyuma tunakaa watu wanne tunacheza mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu.

Kwa wasioujua: mmoja anakuwa msimulizi, huyo ni mimi. Nasema, "Mmefika korongoni, daraja limekatika." Wengine kila mmoja ana mhusika wake, anasema mhusika anafanya nini, dadu inaamua kama amefanikiwa. Hadithi moja inakwenda miezi na miezi.

Kitabu chetu cha kanuni kilikuwa toleo la zamani, kopi ya kopi, kurasa nyingine unasoma kwa kubahatisha. Lile toleo linataka kabla ya kuanza kila mchezaji amtaje mhusika wake jina na umri. Sisi tukaongeza la kwetu: wahusika wanasalimiana kwa umri wao wa kwenye hadithi, siyo umri wa wachezaji.

Sasa niwataje wenzangu.

Mzee Tluway, bwana mifugo mstaafu, kwake Hirbadaw. Mzee wa kanisa, ana watoto wakubwa kuliko mimi. Mhusika wake ni Boay, kijana wa miaka kumi na tisa.

Mwanaidi, binti wa miaka ishirini na mbili, mama yake anauza vitenge sokoni. Mhusika wake ni Bibi Safina, miaka sabini, mdomo mkali balaa.

Wa nne ni mwalimu Ema wa shule ya msingi. Mhusika wake ni mpiganaji, yeye na upanga tu.

Mmeshaona kitakachotokea. Boay akikutana na Bibi Safina, lazima amwamkie.

Mara ya kwanza Mzee aliposema "Shikamoo bibi", Mwanaidi alijifunika uso na mtandio akagoma kuitikia. Mzee akamwambia, "Mwanangu, hapa mezani mimi ni mjukuu wako. Itikia, tuendelee." Ilimchukua Jumapili tatu.

Baadaye akazoea, akawa anamtuma kabisa. Lete kuni, kachote maji. Mzee anacheka mpaka anafuta machozi. Siku moja aliniambia, "Miaka na miaka watu wananiamkia tu. Hapa ndipo mahali pekee ninapotumwa." Nikalichukulia kama utani. Kichwa changu kigumu.

Kiherehere kilinianza nilipoona wenzetu wa nje wanavyocheza live mtandaoni. Taa, maikrofoni, wanabadilisha sauti, watazamaji kibao. Nikaangalia meza yetu na kopi zetu zilizofifia, nikaona aibu. Nalisema wazi, niliona aibu.

Na wote walikuwa wanatumia toleo jipya. Nikalitafuta, nikalichapa kwa rangi, nikalifunga spiral.

Toleo ni zuri, sitaki kulionea. Mapigano yanakwenda haraka, kanuni zinaeleweka. Ila mambo ya umri wameyaondoa. Tena lina ukurasa mzima wa kuwashauri wanaorusha live: anza katikati ya tukio, utambulisho unachosha watu.

Mzee alilifunua taratibu, akauliza, "Humu watu hawana umri. Sasa nikikutana na mtu njiani, namsalimiaje?"

Ema akacheka. Mimi nikamjibu, "Mzee, tutasalimiana kama kawaida, usijali."

Jumapili iliyofuata nikaweka simu kwenye stendi. Mzee, aliyewahi kufika kabla ya wenzake, akauliza, "Hiyo simu ni ya nini?"

Nikamwambia, "Tunajirekodi kidogo, tujisikilize baadaye."

Wakuu, tulikuwa live. Mwanaidi na Ema walijua, na walidhani na yeye nimemwambia. Sikumwambia kwa sababu nilijua atakataa.

Nikafuata ushauri wa kitabu, utambulisho nikauruka. Tukaanza moja kwa moja. Boay anaingia kambini, Mzee anainamisha kichwa: "Shikamoo." Mwanaidi kajaa kwenye nafasi yake: "Marahaba. Wewe unazubaa nini? Nenda kachote maji!" Mzee: "Sawa bibi, naenda."

Kuna mtu alikata kipande hicho tu.

Kufika Jumanne klipu iko kwenye kila grupu la WhatsApp hapa mjini. Mzee wa kanisa anamwamkia binti mdogo na kutumwa maji. Wengine wakaandika mzee kalogwa. Wengine, binti hana adabu, kuna kitu kati yao. Hayo ya mwisho nayaandika kwa hasira.

Wazee wenzake wa kanisa wakamwita, wakamuuliza kama ameanza kunywa.

Mama Mwanaidi akanijia dukani, wateja wamejaa. "Wewe kijana, nilikupa mwanangu aje kucheza, umemfanyia nini? Kesho nani ataleta posa nyumbani kwangu? Binti anayeamkiwa na wazee?"

Mwanaidi hakuja tena, simu yangu hapokei.

Nikachukua bodaboda mpaka Hirbadaw. Nilimkuta Mzee anamkagua ndama. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu, nikaanza kujieleza kuhusu toleo jipya, watazamaji, watu wabaya wa mtandaoni.

Akaniacha nimalize.

"Kuchekwa siyo neno," akasema. "Nimepigwa mateke na ng'ombe za watu maisha yangu yote. Lakini nilikuuliza ile simu ni ya nini. Ulinijibu nini?"

Nyie acheni tu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kesho yake, bila kuniambia, alikwenda mwenyewe kwa Mama Mwanaidi. Akakaa kwenye kibao pale kati ya vitenge, akamwonyesha karatasi za wahusika, akamweleza mchezo tangu mwanzo. Wateja wanapita, wanasikia. Yeye ndiye aliyelisafisha jina la yule binti, siyo mimi niliyelichafua.

Chaneli nimeifuta. Klipu siwezi, iko kwenye simu za watu.

Jumapili iliyopita tulikaa tena. Mama Mwanaidi alimleta binti yake, akakaa pembeni kidogo, akaridhika, akarudi sokoni. Nikataka tuanze na utambulisho, jina na umri.

Mzee akatoa karatasi mpya. "Gwandu," akasoma. "Mfugaji. Miaka sabini na tano."

Nikamuuliza Boay yuko wapi.

"Boay amehamia Yaeda Chini na mbuzi zake. Endelea."

Mwanaidi aliitazama ile karatasi. Kisha akamwamkia, maana Bibi Safina sasa ndiye mdogo. Mzee akaitikia kama anavyoitikia watu wote hapa mjini.

Alicheza vizuri, hakukosea kitu. Na mimi msimulizi niliendelea kusimulia, ila siku nzima hakuna aliyemtuma kuni wala maji.

Nilichojifunza: toleo jipya halina kosa, na live haina kosa kwa waliokubali kuonekana. Kosa ni kuchukua mahali ambapo mtu alikuwa anapumzika ukapafanya onyesho bila kumuuliza.

Povu ruksa, nimestahili. Ila mnaonielewa nisaidieni kwa hili moja: nimwombe Mzee amrudishe Boay, au mtu kama mimi hana tena haki ya kumwomba?