Askari Aliyependwa na Tembo

Na ijulikane kwa wote, wenye miguu miwili na wenye minne, kwamba siku ya leo Hifadhi inamtunuku Mama Mapacha, askari wa geti la pili, heshima ya Rafiki Mkuu wa Wanyamapori. Mtunukiwa mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba, anaokota sufuria vichakani.

Tembo dume ambaye askari walimpachika jina la Mheshimiwa, kwa kuwa hufanya atakalo na haulizwi, alikuwa amebomoa jiko la Mama Mapacha tena. Jiko hilo zamani lilikuwa stoo ya ngozi zilizokamatwa kwa majangili, na sakafu yake ilikunywa chumvi ya kukaushia ngozi, gunia baada ya gunia. Mheshimiwa huja kulamba sakafu. Ukuta ukimzuia, shauri la ukuta.

Kila askari alijua hivyo. Kilichomponza Mama Mapacha ni mdomo wake. Mgeni mmoja mwenye kamera ndefu kama mchi alimkuta asubuhi moja, njaa inamuuma na mafiga yametawanyika, akamuuliza kwa nini tembo huja kwake tu. Habari ya chumvi ni ndefu, naye hakuwa na hamu ya kuongea. Akajibu kwa mkato, "Ananipenda."

Basi, kwisha habari yake. Picha ikazunguka dunia, wageni wakamiminika kuja kuona mapenzi. Tangu hapo, kila alipoomba uhamisho wa kwenda ofisi ya mjini, mkuu wa hifadhi alimtazama kama mke anayedai talaka bila sababu.

"Ukiondoka, mwenzio atabaki na nani?"

"Atabaki na chumvi, mkuu."

Mkuu alicheka mpaka akafuta machozi, akamsifu kwa unyenyekevu wake.

Mapacha wenyewe walikuwa mjini kwa mama yao mdogo, karibu na shule. Juzi Mama Mapacha alipanda kichuguu kutafuta mtandao, akapiga. Mmoja wao akapokea.

"Ni mimi, mama yenu," akamwambia.

Mtoto akamsahihisha. "Mama yuko jikoni. Wewe ni yule wa tembo?"

Alishuka kichuguuni akiwa ameapa: safari hii ataondoka, hata kama ni kwa kufukuzwa.

Kwenye sherehe palikuwa na hema, viti vya plastiki na spika inayopiga mluzi. Mpendwa hakuhudhuria, alikuwa amekwisha kushiba sakafu. Mkuu alizungumza kuhusu upendo usiojua mipaka ya viumbe hadi mwenyewe akaguswa. Kisha akafunua zawadi: mchoro wa nyumba mpya ya zege, yenye nondo madirishani. Itajengwa palepale penye jiko, alisema, ili wawili hawa wasitenganishwe mpaka Mama Mapacha atakapostaafu.

Watu wakapiga makofi. Wageni wawili walipangusa macho. Mama Mapacha alisimama pale na gwanda lenye masizi kifuani, akautazama ule mchoro, chumba hadi chumba, kama anayeoneshwa gereza lake.

Mkuu akampa kipaza sauti. "Haya, dada yetu. Mwambie rafiki yako neno moja la shukrani."

Mama Mapacha akakisogeza mdomoni.

"Nyumba mpeni yeye. Mimi nipeni gari la kwenda mjini."